Sinki Lililozibwa na Mtori wa Mama Mkwe

Mama mkwe alishuka kutoka kijijini Kilema kumpikia mke wangu mtori wa uzazi. Wiki haijaisha, sinki la jikoni likaziba. Sikuhitaji fundi kujua ni ndizi za mtori. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba huku mjini mabaki hayamwagwi kwenye sinki. Nikaongeza kwamba nimeshamsamehe, asihangaike hata kuniletea jani la sale, lile tunaloombea msamaha sisi Wachagga. Aliendelea kumenya ndizi zake.

Nikaweka ndoo, nikafungua bomba la chini ya sinki, nikamwita yeye na mke wangu waje washuhudie. Haikutoka ndizi hata kipande. Yalitoka machicha ya ulezi, yamechacha, jikoni kukanuka kama kilabuni. Ndipo nikakumbuka Jumapili, mchungaji alipobisha hodi kuja kumwombea mtoto, nami nikamwaga dumu zima la mbege, ile pombe yetu ya ulezi, kwenye sinki. Mke wangu anajua pombe niliacha.

“Shikamoo, Mama,” nikasema, ingawa tulishaamkiana asubuhi.

“Marahaba, baba.” Akafuta kisu chake kwenye kanga, akanikabidhi. “Masale yapo pale uzioni.”