Pikapu Iliyonyamazishwa kwa Sindano

Ule ulikuwa mwaka wa sambaza. Maharagi ya Masisi yalikuwa hayashuki tena, viazi vilibaki vya watu wenye nguvu, basi tukala sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa: asubuhi na chai, saa sita na bugali, mangaribi na mboga ya lengalenga. Paka za kartié, mutaa wetu, zilinona kuliko watoto. Mutu akiniuliza pikapu yetu ilisimama lini, simutafutii tarehe. Ninamwambia ni wakati wa sambaza, naye anajua.

Pikapu ilikuwa ya bwana yangu, na yangu. Ninasema na yangu, maana miaka mingi tulipakia kabichi na makala ya kupikia kule Kibati tukaleta hapa Ndosho, na kila siku ya posho, ile wengine wanaita Jumamosi, aliyelala chini ya gari ni miye. Bwana yangu alikuwa na tumbo. Lilifika kwenye chuma mbele ya mikono. Yeye aliinua gari na kriki, akaweka mawe makubwa ya volkano chini yake, na miye nikatandika gunia, nikafunga kitenge kwenye magoti, nikaingia.

Wanaume wa garaji ya ngambo ya barabara walicheka mpaka wakashika ukuta.

"Mama, tunaona miguu tu. Tuite pasta akuzike?"

"Muite bibi zenu," niliwajibu kutoka chini, "wakuje wajifunze kazi, labda mutakula vizuri."

Bwana yangu hakucheka. Alinipa kitambaa.

Kitambaa ndicho cha kwanza. Hapa kwetu vumbi si vumbi, ni jiwe la volkano lililosagika, jeusi, lenye meno. Kila kifundo cha chuma chini ya gari kiko na chuchu ndogo, na hapo ndipo unashikisha pompi ya grasi. Ukisukuma grasi bila kupangusa ile chuchu, umeingiza muchanga ndani kwa mukono wako mwenyewe, na muchanga ukishachanganyika na grasi unakula chuma kila gurudumu likizunguka. Basi unapangusa. Unapangusa tena. Ndipo unapiga pompi mpaka grasi ya zamani itoke, nyeusi, yenye kunuka, na hauachi mpaka mpya itokee safi kama siagi. Ile iliyomwagika inje unaiondosha, maana ikibaki inakamata vumbi. Bawaba za milango unazipa tone moja moja. Vipande vya mupira vilivyo kati ya vyuma hauvigusi na mafuta, vitavimba na kuoza. Miye nilifika darasa ya tatu tu, lakini hii kazi ninaijua kama nilivyojua kukamua ngombe za baba yangu kule Masisi. Na gari yetu ilipita Ndosho nzima bila kulia. Gari za wengine zilikuwa zinasikilikana tangu mbali kama wanachinja nguruwe.

Halafu bwana yangu akafa, na mwaka muzima sikuingia chini. Sikuwa mugonjwa. Nilikuwa na hasira naye kwa kufa. Kriki ilikaa kwenye kona, pompi ikakauka, na ndani ya ule mwaka kile kifuniko cha mupira kwenye rotili ya kushoto kikapasuka. Rotili ndicho kifundo kinachoshika gurudumu la mbele lisianguke. Mvula ikaingia, muchanga ukaingia, na kitambaa changu hakikuwa pale. Hiyo ni kosa yangu, siipe mutu mwingine.

Nilijua siku gari ilipoanza kulia. Kwii, kwii, kila shimo. Nikarudi chini na magoti yangu ya uzee, nikapangusa, nikapiga pompi. Siku tatu ilinyamaza, siku ya ine ikalia tena. Nikachukua kriki kwenye kona, nikainua, nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Likacheza mukononi mwangu kama jino la mutoto. Chuma kilikuwa kimekwisha kuliwa. Hapo hata ungetia pipa la grasi, ni bure.

Nikamwambia mutoto wangu wa kwanza, yeye ndiye alikuwa anaendesha tangu kifo cha baba yake.

"Mutoto wangu, rotili ya kushoto imekwisha. Tafuta ingine. Ikiachia pale muteremuko wa Kibati, gurudumu italala na gari itapinduka."

"Mama, inalia tu. Kulia haiko kufa."

"Kufa inaanza na kulia."

Hakutafuta. Ndipo mwaka wa sambaza ukaingia, barabara zikafungwa, gari ikasimama kwenye parseli, hapo uwanjani kwetu, na yeye akasema atauza pikapu anunue pikipiki mbili. Sikumukatalia. Chuma si mutu, na alikuwa na watoto wane wa kulisha. Nilimwambia tu: rotili kwanza. Akaitika vile wanaume wanaitika kwa mama zao, macho kwenye telefone.

Siku ya Mungu nilitoka kanisani nikamukuta amesimama kando ya gari, amefurahi. Akafungua mulango, akaufunga. Kimya. Akapanda kwenye chuma cha nyuma, akarukaruka na uzito wake wote. Kimya.

"Mama, kuja usikie. Nimekusaidia kazi."

Nitasema ukweli: nilifurahi, muda wa kupumua mara moja. Halafu nikasikia harufu ya mafuta ya vidanje, yale machafu yanayotolewa ndani ya moteri. Nikapiga magoti na kitenge changu cha kanisa, pale pale kwenye mawe, nikaangalia chini. Alikuwa amepakaa kila kitu. Chuma za nyuma zinazobeba muzigo ziling'aa kama zimetoka jana dukani. Mipira ilikuwa inachuruzika. Hakupangusa hata pahali pamoja, muchanga ulikuwa umelala chini ya mafuta umetulia. Na pale kwenye rotili ya kushoto alikuwa amezungusha kipande cha mupira wa baiskeli, akakifunga na kamba. Kando ya gurudumu kulikuwa sindano, ile kubwa ya kudunga ngombe. Alikuwa amechoma mafuta ndani ya kile kifuniko kilichopasuka, akaziba. Itanyamaza wiki moja. Kwa mutu anayeuza gari, wiki moja inatosha.

Nilisimama pole pole, maana ningesimama haraka ningemupiga.

"Nani alikufundisha?"

"Watu wote wanafanya hivi, mama."

"Baba yako hakufanya."

"Baba alikufa akiacha nini? Aliacha gunia za kabichi tu."

Nikaokota ile sindano, nikaenda nayo mpaka choo, nikaitupa, nikasikiliza mpaka ikafika. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye mulango wa gari, ameshusha sauti.

"Kesho kuna mama mumoja wa kartié ya Katoyi anakuja kuiangalia. Kijana wake ndiye atakuwa shofere, watabeba wamama wa soko kutoka Kibati barabara zikifunguliwa. Pesa anayo. Lakini amesema hatachukua kama haujasema weye. Anakujua. Sema tu iko muzima, mama. Neno moja."

"Kinywa yangu haitasema hii gari iko muzima."

"Basi unyamaze tu."

"Akiniuliza nitajibu."

Akacheka, lakini kicheko kibaya.

"Weye ulisomea mekanike wapi? Darasa ya tatu?"

"Darasa ya tatu walitufundisha kuhesabu mpaka ine. Hii gari iko na magurudumu ine. Weye unataka ifike Kibati na tatu."

Akasimama, akapiga mulango, na mulango haukulia, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Alisema kama pikapu haiuziki, nitafute mwenyewe cha kuwapa wajukuu wangu. Akasema mama wengine wanasaidia watoto wao. Siku ile hatukula pamoja. Bibi yake, mama ya wale watoto wane, aliniletea sahani bila kuniangalia usoni.

Mama wa Katoyi alikuja asubuhi. Mwanamuke mufupi, mweupe wa meno, kitenge kimefungwa sawasawa. Mutoto wangu alikuwa amevaa shati la kanisa. Alifungua milango yote moja moja, akaifunga, kama ni mulango muzuri unaofanya gari. Akamupandisha nyuma ili aruke mwenyewe. Yule mama akaruka mara mbili, akashuka, akapangusa mikono. Akamupita mutoto wangu, akakuja mpaka kwenye kiti changu.

"Miye sijue gari, mama. Nakujua weye. Nilikuwa napita hapa kwenda soko nakuona chini yake, miguu inje, tunacheka sana. Nikasema ile ndiyo gari, ile mwenyewe anailalia chini. Kijana wangu ataendesha, na miye nitakaa hapo karibu yake kila siku. Niambie."

Nikaangalia pale shofere anakaa. Ni kushoto. Lile gurudumu liko chini ya miguu yake kabisa.

"Mama amechoka," mutoto wangu akasema. "Alikuwa na malaria. Mama, mupe mukono tu."

"Leta kriki," nikamwambia.

"Kriki ya nini? Gari inasimama muzuri."

"Leta kriki, umuinulie hii gurudumu, alitikise na mukono yake."

Hakusogea. Akainama kwenye sikio langu, na harufu ya vidanje ilikuwa bado kwenye vidole vyake.

"Weye ni mama yangu, ao ni mama yake?"

Wajukuu wangu wane walikuwa kwenye mulango wa nyumba, wameshikana, wanaangalia. Yule mama hakuondoka mbele yangu. Aliningoja, mikono kwenye kiuno, na miye nikajibu kwa sauti ya kufika garaji ya ngambo.

"Kinywa yangu haitasema hii gari iko muzima."