Nilivyoiokoa Timu ya Magodoro Nikiwa Benchi

Mimi ndiye niliyeiokoa timu yetu isishuke daraja.

Si nahodha. Si kipa. Si kocha mpya, yule wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Mimi, mtu niliyemaliza msimu mzima bila kugusa mpira, ukiacha ule mmoja ulionigusa wenyewe usoni.

Na niliiokoa nikiwa nimekaa.

Cheka, ila usiondoke. Msimu ule lilitokea jambo ambalo hadi leo watu wa kiwandani wakilikumbuka wanaweka sindano chini. Kocha alifukuzwa katikati ya msimu, akakatazwa kuonekana uwanjani, lakini mluzi wake ukabaki.

Mtu hayupo. Mluzi upo.

Twende taratibu.

Timu yetu ni ya kiwanda cha magodoro. Mashabiki wa wapinzani hawakuwa na kazi kubwa ya kutafuta maneno. "Waleteeni mito hao! Wafunikeni shuka!" Ndiyo maisha yetu hayo.

Asubuhi tunashona, jioni tunafanya mazoezi. Nusu yetu tuliajiriwa kwa sababu ya miguu, wala si mikono. Mimi ni mmoja wao. Ukilalia godoro lenye mshono uliopinda kama njia ya konokono, nisamehe, hiyo ni kazi yangu.

Sasa Bosi, mkurugenzi wetu, alikuwa ameshatoa tamko: tukishuka daraja, timu inavunjwa, na asiyejua kushona akatafute pengine.

Kwa hiyo timu ikifa, mimi nazikwa nayo.

Nilikuwa beki wa kushoto wa akiba. Jina langu pale ni Benchi. Na kocha alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, tena nilikuwa naishi kwake. Ungedhani mambo yangekuwa mteremko.

"Utacheza siku watu watakaposahau kwamba wewe ni mpwa wangu," aliniambia.

"Watasahauje, Mjomba, na wewe unaniita mpwa mbele yao?"

"Ndiyo maana huchezi, mpwa."

Mjomba ana sauti ndogo. Akikuita chumba cha pili, utadhani kuna mtu anasali. Uwanjani alikuwa anatumia mluzi wa vidole viwili. Mluzi mmoja mrefu: rudini nyuma. Miwili mifupi: pandeni. Basi. Refa hana la kusema, mluzi wa mdomo si filimbi.

Miaka minne ya mazoezi hayo, wachezaji wakawa hawafikirii tena. Miguu inasikia kabla ya kichwa. Siku moja birika la kantini lilipiga mluzi mrefu, na beki wetu wa kati, pande la mtu tunayemwita Kabati, akarudi nyuma hatua mbili na sinia la vikombe mkononi.

Msimu ulianza vibaya. Kipa akateguka bega, mshambuliaji akapata homa, tukafungwa, tukafungwa tena. Mzee anayetundika mabati ya namba kwenye ubao wa magoli wa uwanja tunaochezea mechi zote alikuwa anatutundikia sifuri kila wiki, mpaka tukamwita Sifuri. Bati lenyewe la sifuri lilitumika likaoza kwa kutu, likatoboka katikati, na rangi yake nyeupe ikawa inamwachia kila anayeligusa.

Tulipopigwa tano, Bosi aliingia chumba cha kubadilishia nguo bila kubisha hodi.

"Kocha, kesho ripoti ghala la sponji. Na uwanjani nisikuone."

Mjomba akakunja taulo lake vizuri, akaliweka kwenye benchi.

"Sawa, Bosi."

Hivyo tu. Tukarudi nyumbani. Mkewe alipomuuliza imekuwaje, akajibu, "Wamenipa kazi ya kukaa." Halafu akaenda kulala jua likiwa bado linawaka. Nikajua ameumia.

Akaja kocha mpya. Tukambatiza Miwani.

Miwani alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie. Anajua mpira, anaongea vizuri, hana majivuno. Tatizo lilikuwa sisi. Mpira ukianza, tunasimama tu.

"Jamani," alituuliza baada ya kufungwa tena, "mbona mnasimama kama mnasubiri lifti?"

Nahodha akajikuna kichwa. "Kocha... tunasubiri mluzi."

Miwani akavua miwani. Mara ya kwanza tunayaona macho yake. Akatutazama mmoja mmoja, akaivaa tena, akatoka.

Mimi nikajisemea moyoni: huyu ameshakata tamaa. Hapa anatakiwa mwanaume.

Mwanaume nikawa mimi.

Mechi iliyofuata nilikaa benchi na taulo la Mjomba kichwani, kama mtu anayekwepa jua la utosi. Wapinzani wakaanza kutujia. Nikaingiza vidole viwili mdomoni chini ya taulo, nikapuliza.

Nyie!

Ulitoka mluzi mmoja mrefu, mkali, safi kabisa. Kama wa Mjomba mwenyewe. Timu nzima ikarudi nyuma kama pazia. Nilijishangaa mpaka nikajishika mdomo.

Baadaye nikapuliza miwili mifupi. Wakapanda. Goli!

Tukashinda. Nikawa nalia ndani ya taulo.

Sasa msinidhanie mjinga. Kuna vitu niliviona. Nyumbani nikijaribu, unatoka upepo mtupu, mke wa Mjomba anauliza nani anatoboa tairi. Nikasema, aah, uwanjani kuna mwangwi. Mara nyingine mluzi ulisikika kabla sijavuta pumzi. Nikasema, hicho ndicho wanachoita kipaji.

Mjomba naye siku za mechi alikuwa akiaga kwamba anakwenda kumsaidia rafiki yake kupaka rangi. Anarudi jioni ana rangi nyeupe kwenye vidole na pembeni mwa midomo.

"Mjomba, hiyo rangi unaipaka au unainywa?"

"Kula chakula, mpwa."

Tukashinda, tukatoka sare, tukashinda. Siri ikanivimba tumboni nikashindwa kuibeba. Nikamnong'oneza nahodha.

"Ni wewe?!"

"Usimwambie mtu."

Kufika jioni, timu nzima inajua. Nikaanza kuoga wa kwanza. Kiti cha dirishani kwenye basi kikawa changu. Kabati akanibebea begi! Yule niliyekuwa namsogezea viatu vyake!

Siku moja nikapata kiburi, nikavua taulo ili watu waone vizuri. Nikapuliza miwili mifupi kwa nguvu zangu zote. Lakini palepale ukasikika na ule mrefu. Nusu ya timu ikapanda, nusu ikarudi, katikati pakabaki uwanja wa ndege. Tukafungwa.

Kabati alibaki amesimama peke yake kama amepotezana na familia yake. Watu wote wakamlaumu yeye.

"Kabati hana masikio," nilisema, nikitikisa kichwa kwa huzuni.

Ikafika mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki, vinginevyo tunavunjwa.

Wakati wa kupasha misuli, Kabati akapiga mpira. Huo ndio niliowaambia. Ulinipata mdomoni. Nikasikia kengele, nikaona nyota, na nilipoinuka midomo yangu ilikuwa mito miwili iliyojazwa sponji la daraja la kwanza.

"Pole, Benchi! Utaweza kupuliza?" Kabati alikuja mbio.

"Mbuh," nilimjibu.

Nilikaa benchi jasho linanitoka. Kazi za watu zote ziko mdomoni mwangu, na mdomo haupo. Tulipata goli mapema, la kubahatisha, mpira ukagonga goti la nahodha ukaingia. Halafu wapinzani wakaamka. Wakaja kama maji. Nikafumba macho.

Mluzi mrefu.

Nikafumbua. Timu imerudi, mpira umeokolewa. Nikagusa midomo yangu. Mito iko palepale.

Miluzi miwili mifupi.

Nikageuka. Benchi lote linaangalia mpira. Sauti ilitoka upande wa pili, kwenye kibanda cha ubao wa magoli. Nikakodoa macho. Sisi moja, wageni sifuri. Na kwenye lile tundu la sifuri, katikati kabisa, palikuwa na mdomo.

Mdomo na vidole viwili vyenye rangi nyeupe.

Ningeujua mdomo ule hata gizani. Umeniambia "huchezi, mpwa" miaka minne.

Nilifanya nini? Nilijifunika taulo, nikaingiza vidole mdomoni, nikaendelea kuigiza. Filimbi ya mwisho ikalia. Tumebaki! Wachezaji wakaja kunibeba juu, na mimi nikabebeka.

Wiki iliyofuata Bosi akatuandalia chakula kantini, mchana, mashine zote zimezimwa. Kila mtu na sahani yake. Bosi akagonga kijiko kwenye glasi.

"Nimesikia kuna mtu alikuwa anapiga mluzi. Huyo nataka awe kocha msaidizi msimu ujao. Ni nani?"

"Ni Benchi!" Nahodha hakungoja.

Makofi. Nikamtazama Miwani, akawa anakohoa ndani ya leso. Nikaangalia mlango wa kuelekea ghala la sponji. Nilimfikiria Mjomba kule ndani, nisiwadanganye. Nilimfikiria kwa muda wa kama kupiga chafya hivi.

Nikasimama.

"Bosi, mimi si mtu wa kujisifu..."

"Basi usijisifu," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Ni Sifuri. Mzee mwenyewe, ana bati lake kwapani, amekuja kula kama watu wengine.

"Mzee, tuheshimiane," nilimwambia. "Wewe kazi yako ni namba."

"Ndiyo. Na kibanda changu kina nafasi ya mtu mmoja, msimu huu tulikuwa tunabanana wawili. Mwenzangu hukuwa wewe. Hebu piga huo mluzi, kijana."

"Hapa? Watu wanakula."

"Piga," alisema Bosi.

Nikaingiza vidole. Nikavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikalegea. Nikapuliza.

"Ffyuuuh."

Hakuna aliyetikisika. Mama wa kantini akainama kuangalia mtungi wa gesi.

Ndipo, kutoka kwenye dirisha la jikoni, ukaja mmoja mrefu.

Wanaume kumi na mmoja, na sahani zao mkononi, wakarudi nyuma hatua mbili kwa pamoja. Hakuna punje iliyomwagika. Kabati alitua juu ya kiatu cha Bosi.

"Aaa! Huyo!" Bosi alipiga kelele, sijui kwa maumivu au kwa furaha. "Huyo ndiye!"

Dirishani alikuwa amesimama Mjomba na sufuria ya chakula cha watu wa ghalani.

Miwani akavua miwani. "Bosi, kosa ni langu. Nilimfuata ghalani nikamwomba. Timu hii ina masikio yake, nami niliyahitaji."

Bosi akakunja uso. "Nilisema asionekane uwanjani!"

"Hakuonekana, Bosi," alisema Sifuri.

Kantini nzima ikaangua kicheko. Bosi alijaribu kununa, akashindwa. Akamwendea Mjomba dirishani, akampa mkono juu ya sufuria.

"Msaidizi wa kocha. Kuanzia leo. Ghala nitatafuta mtu mwingine."

Mjomba akasema kitu. Kwa sauti ile yake, hakuna aliyesikia. Ila niliona kidevu chake kinacheza.

Mimi nilikuwa nimeanza kusogea kuelekea mlangoni polepole.

"Halafu," Sifuri akaendelea, hana haraka, "mluzi wa huyu kijana ulifika uwanjani mara moja tu. Siku ile timu ilipogawanyika nusu kwa nusu."

Kabati akaweka sahani chini.

"Ni wewe? Benchi, ni wewe? Mimi nimeitwa kiziwi na watoto wangu mwenyewe!"

Mengine tuyaache.

Mjomba bado ni kocha msaidizi. Miwani bado anavaa miwani. Yule mtu mwingine wa ghala la sponji alipatikana haraka sana, na ndiye anayewaandikia. Pale nimejifunza jambo moja: ukiona mambo yanakunyookea na hujatoa jasho, geuka utazame nani anakupulizia. Na ukimwona, mtaje, kabla hajatajwa na mwenye kibanda.

Ila msinione mtu wa hovyo. Siku ile nilisimama imara, nikakiri kosa mbele ya kantini nzima, nikamwomba Mjomba na Kabati radhi palepale, kichwa juu.

Sifuri amekaa hapa pembeni yangu, amekuja kuchukua kipande cha sponji cha kukalia kibandani. Kumbe muda wote anasoma simu yangu juu ya bega.

"Waandikie na nani alikuvuta miguu kukutoa ndani ya lile godoro la majaribio ulimojificha," anasema. "Au niandike mimi?"