Valizi ya Mpunga

Juma lililopita mume wangu aliweka valizi mpya ya safari juu ya kitanda chetu. Amepewa kazi Ulaya, na amekwisha kukubali bila kuniuliza. Nilipoifungua, harufu ya gundi ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu, hapa hapa Kindu, baba yangu, karani wa reli, alipoleta ya kwake.

"Mama Sifa, tunahamia Zambia," alisema, koti lake la abakosti la kazi likiwa bado mwilini. "Kazi njo imetuita."

"Imekuita weye. Miye uliniuliza lini?"

Mama akaikokota valizi mpaka jikoni, akaijaza mpunga mpaka kifuniko kikagoma kufungika. Chembe zilimiminika kwa sauti ya mvua. Mimi nilidhani Zambia hakuna mchele, na mama anatufungia chakula cha safari. Nikavaa viatu vya kanisani, nikawaaga majirani wote huku nikilia kwa raha.

Mama akajitwika valizi. Nilimfuata nikitazamia gari moshi, lakini tukatokea shambani kwetu, Mikelenge.

"Sifa, vua viatu," akasema. "Hii njo mbegu. Nani anaacha mbegu ndani ya udongo, aende zake?"

Tulipanda mpaka viganja vyangu vikachubuka. Baba alikwenda peke yake, na kabla ya mavuno akarudi. Valizi yake ikawa ghala letu la mbegu, maana panya walishindwa kuitoboa.

Kila siku mume wangu ananiuliza kama nimeanza kufunga mizigo. Nimeanza. Valizi yake iko jikoni, imejaa mpunga.