Mguu Wangu Kwanza

Nilitua Riyadh, nikalala wiki nzima sakafuni katika ofisi ya maajenti kule Malaz, kisha nikapandishwa basi hadi Jeddah, kwenye nyumba ya watu wenye uwezo mtaani Rawdah. Kule ofisini tuliambiwa jambo moja likanikaa kichwani: mwajiri ana miezi mitatu ya kukurudisha, kama blenda yenye kasoro. Nilikuwa mwezi wa pili. Nyumbani nilikuwa nimemwachia mama watoto wangu wawili, na kurudishwa lilikuwa jambo nisilotaka hata kuliwaza.

Kazi yangu ilikuwa kusimama. Nilipiga pasi nimesimama, nilipika nimesimama, hata chai nilikunywa nimesimama. Mishipa ikavimba mguu wa kushoto, ya buluu, imejipindapinda kutoka kwenye kifundo hadi gotini. Mwanzoni haikuniuma sana. Siku zile hakuna kitu kilichoniuma sana. Nilikuwa nimekufa ganzi moyo na mwili, nikaona afadhali.

Mama mkwe wa madam, tuliyemwita Hajja, alikuwa na mishipa ya namna hiyo hiyo, ila yeye aliruhusiwa kuwa nayo. Baba mwenye nyumba akamletea dawa kutoka duka la Mchina kule Baghdadia: unga wa kahawia wa mizizi na maua makavu, unakandwa kwa siki, unapakwa mguuni na kufungwa bandeji hadi kesho yake. Ulinuka udongo na achari. Hajja alikuwa na ugonjwa wa sukari na ngozi nyembamba, kwa hiyo madam akaingiwa na hofu. Akanitazama nikipiga deki, gauni nimelikunja.

"Hata wewe?" akauliza.

Nikajua halas, narudishwa. Kumbe madam amefurahi. "Kwais! Basi tunajaribu kwako kwanza."

Siku tatu nilijifunga ule unga. Siku ya kwanza uliwasha, ya pili ukachoma, ya tatu ngozi ikatoa malengelenge. Kila asubuhi madam aliniuliza kama naumwa. Tangu nifike, hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mimi nikaiwaza ile sakafu ya Malaz.

"Mafi, madam," nikajibu. Hakuna maumivu. Hakuomba kuona.

Siku ya nne nikaambiwa nimpake Hajja. Nilimpaka kwa mikono yangu, kutoka chini kwenda juu, jinsi Mchina alivyoelekeza, naye akawa ananiombea dua. Ningeweza kusema wakati ule. Sikusema.

Kesho yake nilipofungua bandeji, mguu wake ulikuwa mwekundu, umechubuka juu ya kifundo. Hajja hakupiga kelele. Aliinama, akapandisha gauni langu kidogo kwa ncha za vidole, akaona. Mimi niliangalia zulia. Niliona aibu, aibu hasa, na ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi sawasawa tangu nitoke Kenya.

Mara madam akaingia, akashtuka. "Mguu umefanya nini?"

"Nimejikuna," Hajja akasema, akiliachia gauni langu lishuke. "Na dawa hiyo itupeni, inanuka."