Tabaga nyeusi ya shemeji yangu: tramadol ilivyomzima mdogo wangu

Salaam wakuu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na aibu nyingine humu ni ya kwangu mwenyewe, kwa hiyo siyapaki sukari.

Mimi na mdogo wangu Juma tulikuwa tunapakia magunia ya muhogo kwenye malori hapa Koboko, Uganda. Mgongo ulipomkaba, nani alimpa tramadol ya kwanza, kile kidonge cha maumivu makali?

Mimi. Nikajiona nimesaidia.

Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa karatasi nzima. Mwishowe havikumpa raha tena, ila asipomeza anatetemeka na kutoka jasho.

Mkewe Zaituni, Mnubi wa watu, akampeleka kliniki Arua. Wakampunguzia dozi taratibu mpaka akaacha kabisa.

Tukashangilia. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Juma alirudi kama nyumba iliyokatwa umeme. Nyama hataki, mpira hatazami, binti yake akimrukia anamwangalia tu. Akiona lori limepakiwa ndipo macho yanawaka, hamu ya kidonge imemshika.

Nikasema huyu ana kiburi. Nesi wa kule kliniki akanisahihisha:

"Haiko kiburi, mzee. Kwa ubongo iko kitu inaitwa dopamini, inaambia mutu hii ni nzuri, rudia. Dawa ilitoa breki, dopamini ikamwagika sana kila siku. Ubongo ikazoea, ikapunguza yake. Sasa chakula iko, mtoto iko, lakini ndani hakuna kitu inajibu. Lori tu ndiyo inamukumbusha dawa. Itarudi polepole. Mungoje."

Mimi na kungoja hatupatani. Idd ilipokaribia, niliona haya wageni wamkute amenuna. Nikamletea nusu kidonge, cha siku moja tu. (Nitukaneni, nastahili.)

Zaituni akanikuta nacho mlangoni. Hakupiga kelele.

"Shemeji, wewe nataka yeye acheke leo, kesho mimi nazika? Tupa hiyo kitu kwa choo."

Nikatupa.

Ndipo nikaona anachosuka. Tabaga, kile kifuniko cha chakula cha mama zetu wa Kinubi, kwa kawaida kina rangi mpaka macho yanauma. Yake ilikuwa nyeusi tupu tangu katikati. Kila siku mstari mmoja mweusi. Siku Juma akionja raha ya kitu chochote, atatia rangi.

Majirani walimcheka: "Hii ni ya kufunika chakula ama ya matanga?"

Yeye anasuka tu. Wakuu, mimi nabeba gunia la kilo mia, ule moyo nisingeuweza.

Idd ikapita, nyeusi. Mvua zikaja, nyeusi.

Mchana mmoja Juma akachovya kisra, ule mkate wetu mwembamba, kwenye mchuzi, akakunja uso. "Zaituni! Hii mchuzi haina chumvi!"

Miezi yote hajali anachokula, leo anadai chumvi! Yule mama alilia palepale. Kisha akaacha chakula, akaenda kutafuta ukindu wa rangi ya machungwa.

Somo langu: dawa ikishatoka mwilini, ubongo bado ni mgonjwa. Msimwite mtu mvivu, na msigawe vidonge vya mgongo kama peremende.

Tabaga imeisha. Katikati usiku mtupu, ukingoni machungwa, kijani, nyekundu. Watu wametaka kuinunua, Zaituni kakataa. Jana nilikula kwao, na Juma akaninyang'anya mnofu wa mwisho huku anacheka.

Waliouguza mtu wa hivi, semeni: kwenu rangi ya kwanza ilikuwa nini?