Siku Nilipomsemea Mama Zuhura

Jamani, aibu mie ninazo nyingi, lakini hii ya Mama Zuhura ndiyo inayonifanya mpaka leo nizungukie nyuma nikienda dukani, maana mbele ya nyumba yake siwezi kupita na shingo imenyooka.

Kazi yangu mnaijua, natafsiri muvi kwenye kibanda umiza huku Mbagala. Watu wamekaa kwenye mabenchi, muvi ya Kikorea au ya Kihindi inaenda, mie na maiki yangu nawaambia steringi kasema nini, na asiposema kitu namsemea tu (mtafsiri anayenyamaza ni wa nini?).

Sasa Zuhura, fundi cherehani wa mtaani kwetu, alikuwa ametengeneza filamu kwa simu, steringi ni mama yake mzazi. Haina ngumi, haina wachawi, ni mama mmoja na nyumba yake. Aliizungusha mpaka Kinondoni kwa watu wa filamu, wote wakamwambia haina soko. Bosi wangu mwenye kibanda akamwonea huruma, akampa Jumapili moja mchana: watu wakikaa mpaka mwisho, itaoneshwa kila Jumapili, wakitoka, basi, asimsumbue tena. Mie nikaambiwa leo nipumzike, filamu ni ya Kiswahili. Nikakaa pembeni na maiki mapajani (mazoea tu, sijui niliileta ya nini).

Ikaanza. Mama anatia mkaa kwenye pasi, anapuliza, ananyoosha shati jeupe la kiume, taratibu, hasemi neno. Watu wakaanza kukohoa. Jamaa mmoja akauliza, "Kwani sauti imekata?" Wawili wakasimama waondoke, nikamwona Zuhura kule mlangoni kashika kichwa, nikasema ngoja nimuokoe dada wa watu, neno moja tu. Nikawasha maiki: "Leo lazima ang'ae, maana mume wa jirani hapendi makunyanzi."

Kibanda kizima kikacheka, waliosimama wakakaa. Na mie nikichekewa huwa sijui breki ziko wapi. Mama akitundika shati, nasema la mchepuko hilo; akikaa kitandani analitazama, nasema anasubiri apigiwe honi; watu wanagonga mabenchi, nami nazidi, na kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwao wala si kwenye skrini, sikuona kwamba picha iliyotundikwa ukutani ni ya marehemu Baba Zuhura, kavaa shati lile lile (hayo nilikuja kuambiwa baadaye).

Benchi la mbele akasimama mtu mwenye kanga mpya. Ni Mama Zuhura mwenyewe, na mie wala sikujua kama kaja. Vicheko vikakatika.

"Shikamoo, mama," nikasema, na maiki ilikuwa bado inawaka, ikasikika mpaka barabarani.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, hana hata hasira. "Umeongea vizuri. Sasa toka nje, waianze upya, na mie niongee."

Nikatoka. Nikakaa juu ya tofali, jua linanichoma, nangoja watu waanze kumiminika. Hakutoka mtu. Hata kikohozi sikukisikia. Ilipoisha akatoka yule jamaa aliyeuliza sauti, anajifuta macho, akaniangalia pale kwenye tofali akasema, "Braza, kumbe ulikuwa unatuzibia."

Tangu siku hiyo nimeapa, mtu akinyamaza kwenye skrini namwacha anyamaze, hata kibanda kiwake moto. Filamu ya Zuhura iko kila Jumapili na mabenchi yanajaa. Ubao wa nje nauandika mie, kwa sababu ndimi mwenye mwandiko mzuri, na siku zote chini ya jina la muvi naandika kwa herufi kubwa IMETAFSIRIWA, ndicho kinacholeta watu. Jumapili bosi anakuja kunisimamia, naandika HAIJATAFSIRIWA, namrudishia chaki yake, naenda zangu. Filamu yenyewe sijaiona mpaka leo.