Msemaji Aliyerudi Chanji

Valerian alijaliwa sauti nzuri, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Kwao Ilemba alikuwa katekista kabla ya kuhamia Chanji, mjini Sumbawanga, kufanya biashara ya samaki wakavu. Alizoea kushuka Kipili, kupanda boti na kuvuka ziwa kwenda kununua samaki aina ya migebuka upande wa Kongo. Safari moja waasi wakaivamia boti yao ilipokuwa inatia nanga, wakawafunga kamba abiria wote na kuwapandisha milimani.

Kamanda akawahoji mmoja mmoja. Alipomsikia Valerian akijieleza, akasimama.

"Hebu rudia."

Valerian akarudia jina lake, kwao na kazi yake.

"Mfungueni huyu," kamanda akasema. "Anaongea kama mtangazaji. Kuanzia leo ndiye msemaji wetu."

Hakuulizwa kama anataka. Akabandikwa jina la Kapteni Radi, akapewa simu ya setilaiti ya kuzungumza na waandishi wa redio. Chini ya miti simu haikushika, kwa hiyo kila mara alipandishwa kwenye kilima kilicho wazi, akilindwa na mpiganaji mmoja mwenye mvi aliyeitwa Enock. Huko alisoma alichoandikiwa. Siku moja alisema, "Hakuna raia aliyeguswa," huku moshi wa kijiji kinachoungua ukimfikia puani. Kesho yake alipandishwa tena.

Miezi tisa ikapita hivyo. Kisha likaja tamko jipya: watu waliokimbilia msituni warudi vijijini, amani imepatikana. Valerian alikuwa amesikia mipango yote. Wakirudi, wenye nguvu wangebebeshwa mizigo ya vita, na wengine Mungu ndiye ajuaye. Alipounganishwa hewani na mtangazaji, karatasi ikiwa mkononi, akasema polepole, "Msirudi. Mnaonisikia, nawasihi, msirudi. Mtakamatwa." Akakata simu.

Akageuka. Enock alikuwa anamtazama, bunduki mikononi. Valerian akaanza kusali Salamu Maria.

"Redio ya kamanda iko wazi muda wote," Enock akasema. "Ameshasikia. Pitia huku kwenye korongo, litakutoa ziwani."

"Na wewe, kaka?"

"Nitasema umenipiga jiwe. Nenda, bwana!"

Hajawahi kujua Enock alipatwa na nini. Kila Jumapili humwombea kwa jina, na Agnesi, mkewe, huitikia.

Wavuvi walimvusha hadi Kipili akiwa amekondeana, shati limebaki kola. Stumai, mama muuza chai pale mwaloni, boti zinapofikia, hakumuuliza neno. Alimpa uji, kisha akaenda ndani akarudi na kanzu ya marehemu mumewe. "Vaa, baba. Mwenyewe hakupenda nguo zikae bure." Valerian akiwa ndani ya kanzu ile alikwenda kituo cha polisi kujieleza mwenyewe. Walimhoji wiki tano, wakamwachia.

Nyumbani Agnesi alimshika uso kwa mikono miwili. "Nilikusikia redioni, Baba Edith. Wengine walisema Kapteni Radi, mimi nikasema huyu ni wangu, yu hai. Niliyachukia maneno yako, na nilimshukuru Mungu kila uliposema."

Alirudia biashara yake, ila ziwa hakulivuka tena. Mwaka wa pili, asubuhi moja, mama mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa alisimama mbele ya meza yake ya samaki. Alikuwa ameuliza bei na kujibiwa, lakini hakunyoosha mkono.

"Hiyo sauti," akasema. "Wewe ndiye uliyetuambia tusirudi?"

Valerian angeweza kuitikia tu na kunyamaza.

"Ni mimi, mama. Na ni mimi niliyesema hakuna aliyeguswa."

Agnesi, aliyekuwa akimsaidia mumewe kuuza, akamsogezea kigoda yule mama, Dominika, naye akakaa.

"Siku ile uliposema hakuna aliyeguswa, nilikuwa nimetoka kumzika kaka yangu," akasema. "Nilikulaani. Halafu nikakusikia tena. Tulikuwa tumeshafunga mizigo ya kurudi, watu arobaini na kitu. Tukaifungua. Wanangu wote watatu wako hai."

"Kaka yako aliitwa nani?" Valerian aliuliza.

"Flavian."

"Nisamehe kwa ajili ya Flavian."

"Kusamehe bado ninajifunza," Dominika akasema. "Kushukuru nimeshaweza. Ndiyo maana nimekaa."

Valerian akalia palepale, mbele ya wateja. Agnesi akafunika samaki kwa turubai, akamshika mgeni mkono wakaenda nyumbani. Alisonga ugali wa ulezi, wakala sahani moja, na Dominika akawasimulia habari za wanawe: mkubwa fundi cherehani, wa kati mtundu, wa mwisho anapenda kuimba. Valerian alisikiliza mpaka mwisho. Kwake yeye, kukaa kimya na kusikiliza habari njema za watu walio hai kulikuwa neema tosha.